Historia ya Bi Hatua, Muuguzi Aliyetembea Miendo ya Watu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, naomba tutulie, na walio nje waliokosa viti wasogee karibu na madirisha ili wasikie, kwa maana marehemu hakupenda mtu aachwe nje ya duara. Mimi ni mdogo wake, tumbo moja, kazi yangu ni mpima ardhi, na kwa kawaida karatasi hii ingesomwa na mwanawe mkubwa, lakini marehemu mwenyewe aliagiza tarehe 16 Aprili 2024, ulimi wake ukiwa bado unatamka, kwamba nisome mimi, akanitajia tarehe zote moja baada ya nyingine nami nikiandika, na tulipofika kwenye ugonjwa akaniambia hapo niandike mwenyewe. Alifanya hivyo kwa sababu katika habari ya ugonjwa huo kuna mtu mmoja niliyemkosea, naye yupo kati yenu leo, na agizo ni kwamba nisiikunje karatasi hii kabla sijalimaliza jambo hilo mbele yenu. Nitafika huko kwa utaratibu wake.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, saa moja asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi viatu, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na mama yetu, mpishi wa shule, alirudi kazini baada ya wiki sita akiwa amembeba mgongoni. Baba alikuwa na tabia ya kumsoma mtu kwa soli, kuna kiatu kilicholika kisigino upande wa nje, kuna kilicholika ncha, kuna jozi ambayo kimoja kimekwisha na kingine kipya, na marehemu alipofika miaka mitano alikuwa akivivaa viatu vya wateja, gundi ikishakauka, anatoka navyo mlangoni hadi barabarani akitembea vilevile kama wenyewe, hata wale ambao hakuwahi kuwaona. Majirani wakampa jina la Kasuku wa Miguu. Siku moja karani wa mahakama, mtu wa kifua mbele na hatua za kuhesabu, alikuja kuchukua viatu vyake akajikuta anakuja kujipokea mwenyewe barabarani, mfupi wa futi tatu, akacheka mpaka akaomba kiti, ila mama hakuona cha kuchekesha, akamchapa marehemu kwa kuwafanyia watu wazima mzaha. Marehemu aliendelea kusema hata alipokuwa bibi wa watu kwamba haukuwa mzaha, alitaka tu kujua inakuwaje kuwa yule.

Alianza shule ya msingi Januari 1975, akamaliza Novemba 1981, akaingia sekondari 1982 hadi 1985, na hapa aliniagiza nisitie chumvi, alikuwa mwanafunzi wa katikati, mzuri wa baiolojia, na hesabu zilimpiga chenga tangu kidato cha kwanza hadi cha mwisho. Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu tarehe 30 Juni 1989, na tarehe 5 Februari 1990, siku ya Jumatatu, aliripoti kazini katika hospitali aliyoitumikia maisha yake yote, wodi ya watu wazima wenye maradhi ya akili, ghorofa ya pili, vitanda ishirini na vinne, madirisha yanayotazama paa la jiko. Wenzake walioajiriwa naye waliomba uhamisho ndani ya mwaka mmoja. Yeye hakuomba.

Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yangu aliyekaa hapa mbele, mwalimu wa hesabu, ndiyo kusema somo lililomshinda shuleni alilihamishia nyumbani, na katika ndoa hiyo ya miaka thelathini na miwili na miezi tisa na ushee, hesabu hiyo ni ya shemeji, walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1994, ambaye sasa ni mfamasia, na mvulana aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1998, fundi umeme, na wajukuu wawili ambao leo wamebaki kwa jirani.

Mwezi Agosti 2002 wodini kwake kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mama aliyefiwa na watoto wake kwa moto, ambaye kwa wiki kumi na moja hakutamka neno, alikaa ukingoni mwa kitanda akiyumba mbele na nyuma kuanzia asubuhi mpaka anapolazwa. Marehemu alichukua kiti akakaa mbele yake akayumba naye, kasi ileile, pumzi ileile, nusu saa kila siku, na muuguzi mkuu akauliza mbele ya watu kama sasa wamepata mgonjwa wa ishirini na tano. Siku ya tisa yule mama aliacha kuyumba, akamtazama, akauliza, “Wewe unanifuata?” Marehemu akamjibu kwamba ndiyo, anamfuata, na yule mama akasema basi watembee kidogo, kiuno kinamuuma.

Kutokana na hilo marehemu alikata shauri kusomea tiba ya dansi na mwendo, yaani kumsaidia mtu mzima aliyeumia moyoni kwa njia ya mwili wake, pale ambapo maneno yamegoma, akaondoka Septemba 2003, akarudi Juni 2005, na kwa muda wote huo shemeji aliwalea watoto kwa upendo mwingi na chakula cha kuungua. Wapo waliosema mama wa watoto wawili amekwenda kusomea ngoma akiwa na miaka thelathini na mitano, na sitawataja, kwa sababu mmoja wao ni mimi, tena mimi ndiye niliyemuuliza kama akirudi atalipwa kwa mwezi au kwa wimbo.

Novemba 2005 hospitali ilimpa stoo ya zamani ya mashuka, chini ya ngazi, nami ndiye niliyeipima, mita saba na nusu kwa mita tano na sentimita ishirini, sakafu ya mbao, madirisha mawili ya juu, rafu za chuma ziking'olewa na viti kumi na viwili vya plastiki kuingizwa, pamoja na redio moja ya kaseti. Uongozi ulitaka kuweka kioo kikubwa ukutani kama kwenye kumbi za dansi, marehemu akakataa, akasema watu wale wamejitazama vya kutosha, sasa wanahitaji kutazamwa. Kila Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi waliingia watu wazima wanane mpaka kumi na wawili, mjane, msusi, mwanajeshi mstaafu asiyevumilia mlango kufungwa nyuma yake, wakavua viatu, wakakaa kwa duara, wakaanza na pumzi, wakaja mabega, wakaja mikono, kisha mmoja wao akaonyesha mwendo mmoja, hata kama ni kukunja ngumi tu, na duara zima likamfuata mpaka aridhike kwamba ameonekana. Hakuwaambia wacheze, aliwaambia waonyeshe. Waliokuwa na dawa waliendelea na dawa zao, wengine walipona kabisa, wengine walipata usingizi na hamu ya kula, na wengine hawakupata nafuu yoyote, na hili la mwisho aliagiza nilisome kwa sauti ileile kama yale mengine. Hao ndio waliomwita Bi Hatua.

Mimi nimekaa katika chumba cha uani cha nyumba yao tangu mwaka 2009, baada ya ndoa yangu kuvunjika, na Machi 2010 marehemu alinishawishi niende kwenye kikundi mara moja tu, nikaenda, nikakaa nimefumbata mikono, na duara zima likafumbata mikono, watu kumi na mmoja wamekaa kama mimi, na uso wangu wameuvaa, kwa dakika arobaini. Nilitoka nikarudi kwenye ramani zangu. Sikurudi tena, ingawa nakiri kwamba niliitazama mikono yangu siku nzima.

Kazi ya marehemu ilikuwa na kawaida yake moja ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Mtu anayefuata miendo ya wengine kutwa nzima hurudi nayo nyumbani, na sisi tuliishi na hilo kwa miaka, leo Dada anaingia na mabega ya mjane, kesho anakaa mezani na shingo ya mwanajeshi, kwa hiyo alijiwekea utaratibu wa kusimama kwenye kizingiti kila jioni, akakung'uta mikono na miguu kabla ya kuingia, na kitendo hicho alikiita kushusha abiria. Tulimtania sana. Mimi nilikuwa nikimuuliza kutoka uani leo amempakia nani, naye akijibu kwa kutembea, na shemeji anakisia.

Januari 2022 kikundi kilipokea dereva wa malori, mwenye miaka hamsini na mmoja, ambaye nitamwita Dereva kama walivyomwita wenzake. Mwaka 2018 alipata ajali akiwa na mkewe kwenye kiti cha pembeni, mkewe akafariki palepale, yeye akavunjika mguu wa kushoto, mfupa ukaunga vizuri, madaktari wakaupiga picha mara tatu wakasema ni mzima, lakini aliendelea kuuburuta kwa miaka karibu minne. Marehemu hakumwambia auinue, alitembea naye bega kwa bega kwenye korido ya chini, mita arobaini na mbili kwenda na arobaini na mbili kurudi, akiuburuta na wa kwake kwa uzito uleule na mkwaruzo uleule wa soli kwenye saruji, Jumanne na Alhamisi, mpaka tarehe 12 Mei 2022 Dereva aliposimama katikati ya korido akasema, “Nikiuinua, nitakuwa nimemwacha pale.” Marehemu alisimama naye, watu wakawapita na vitanda vya magurudumu, na walipoanza tena mguu uliinuka hatua tatu, wiki iliyofuata kumi na mbili, na ilipofika Oktoba Dereva alikuwa anapanda ngazi bila kushika ukuta.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa. Mwezi Juni 2022 mguu wa kushoto wa marehemu ulianza kukwaruza kizingiti wakati wa kuingia ndani, na nyumba nzima ilicheka, nikasema mimi kwamba kuna abiria mmoja amegoma kushuka, naye akacheka, akakung'uta, akaingia, na kesho yake ukakwaruza tena. Mwanamke mwingine yeyote angekwenda kwa daktari wiki ya pili. Lakini katika nyumba ile na katika hospitali ile kila mtu aliujua ule mwendo ni wa nani, mtaalamu wa viungo aliujua, muuguzi aliyekuwa msaidizi wa marehemu kwenye kikundi aliujua, na marehemu mwenyewe alimwomba msaidizi atembee na Dereva badala yake kwa muda, akachukua likizo ya wiki mbili apumzishe mwili, na katika daftari lake la kazi aliandika mara kumi na tisa, nimezihesabu, maneno haya, “Bado nimembeba Dereva.” Kosa hilo lisingeweza kufanywa na watu wa kazi nyingine. Lilidumu miezi saba.

Tarehe 24 Januari 2023, siku ya Jumanne, marehemu alianguka kwenye ngazi akienda kufungua chumba chake, akapelekwa kufanyiwa vipimo, na siku ya Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa tano asubuhi, daktari bingwa alituambia, tukiwa watatu, marehemu, shemeji na mimi, kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, hauna tiba, utatoka mguuni kwenda mkononi, kwenye ulimi na kwenye pumzi. Shemeji aliuliza kama tungekuja Juni ingekuwaje, na daktari akajibu kwamba tungejua mapema tu, mwendo wa ugonjwa ungekuwa uleule, na akaongeza bila kuulizwa kwamba ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu, wala hauletwi na kuigiza. Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimekaa umbali wa mita moja.

Dakika ishirini baadaye nilitoka koridoni, na Dereva alikuwa anakuja kutokea mlango mkubwa, ameshika mfuko wa machungwa, amesikia kwamba Bi Hatua amekuja kuchukua majibu, anatembea vizuri, kisigino kwanza kisha vidole, na nilipoona anavyotembea nikamwambia, “Wewe umepona, mguu wako amebaki nao yeye.” Aliweka machungwa kwenye benchi, akageuka, na mfanya usafi aliyekuwa akipiga deki ameshuhudia kwamba kabla hajafika mlangoni alikuwa ameanza kuuburuta mguu. Hakurudi kwenye kikundi tangu siku hiyo.

Marehemu alimuulizia Dereva wiki tano, nami nikanyamaza, mpaka mfanya usafi alipomwambia, na jioni hiyo aliniita, akanikalisha, akasema, “Mwaka mzima nilikuwa nauinua ule mguu pamoja na mwenyewe, wewe umemrudishia kwa sentensi moja. Nenda kwake.” Nikasema nitakwenda. Ndugu waombolezaji, mimi nimepima wilaya nzima kwa miguu, mabonde na vilima, na nyumba ya Dereva iko mita elfu moja na mia nane kutoka kwetu, lakini kwa miaka miwili na nusu sikufika, mara mbili nilifika kwenye kona ya kinyozi nikageuza, na kila wiki Dada aliniuliza kama nimekwenda, na kila wiki nilisema nitakwenda. Sikuogopa kwamba atanitukana. Niliogopa kumwona anatembea.

Marehemu aliendelea kuongoza kikundi akiwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka tarehe 28 Novemba 2023, kisha msaidizi wake akashika nafasi, Februari mwaka uliofuata mikono yote miwili ilikuwa imelala, vikabaki vidole viwili vya mkono wa kulia, na Desemba 2024 sauti ikakatika. Kikundi kilihamia chumbani kwake mara moja kwa mwezi, watu wanane wamezunguka kitanda, wakifuata kile alichobaki nacho, akiinua kidole wote wanainua, akifumba macho chumba kizima kinafumba, na siku moja alipopiga chafya wote wakapiga chafya, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona Dada akicheka mpaka machozi, ingawa hakutoa sauti. Nilisimama mlangoni. Sikuwa nimefumbata mikono.

Baada ya sauti kukatika aliniuliza swali lile kwa njia nyingine, alitembeza vile vidole viwili juu ya shuka, hatua nne tano, kisha akanitazama, na mimi nikatikisa kichwa. Mara ya mwisho kuuliza ilikuwa Alhamisi, tarehe 2 Oktoba 2025, na vidole vilikwenda hatua moja tu. Marehemu alifariki dunia siku ya Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, miezi sita na siku ishirini na sita, mumewe na wanawe wakiwa wameshika mikono yake na mimi nimeshika miguu.

Familia inamshukuru daktari bingwa na wauguzi waliokuja nyumbani bila kuchoka, inawashukuru majirani waliotuletea maji siku bomba lilipopasuka na kulea watoto leo hii, inaushukuru uongozi wa hospitali ambao umetamka kwamba chumba chini ya ngazi hakitarudi kuwa stoo, inamshukuru msaidizi wake na wanakikundi wote, na inamshukuru mfanya usafi, ambaye alisema ukweli wakati mimi nimeumeza.

Dereva, nimekuona ulipoingia asubuhi, umesimama nyuma kabisa karibu na ukuta, na watu wote hapa ni mashahidi wangu. Maneno niliyokwambia tarehe 9 Machi 2023 yalikuwa ya uongo, na nilijua ni ya uongo wakati nayasema, maana daktari alikuwa amenieleza muda mfupi tu kabla. Hukumpa dada yangu ugonjwa. Ulimpa kazi aliyoipenda kuliko zote, na mimi nilikunyang'anya kile alichokupa yeye, kwa sababu nilikuwa na hasira na hapakuwa na mtu mwingine koridoni. Naona aibu, na naomba unisamehe, wala huna lazima ya kunijibu leo.

Jeneza litabebwa na watu sita, mwanawe, kaka wa shemeji, mwanajeshi mstaafu, mtaalamu wa viungo na mimi, hao ni watano, na nafasi ya mbele kushoto familia imekubaliana kuiacha wazi. Dereva, nakuomba uichukue. Usijilazimishe kuinua mguu kwa ajili ya watu, buruta kama unavyoburuta, sisi watano tutakufuata wewe, na kama safari itachukua saa nzima, basi itachukua saa nzima.

Dada, mimi sikwenda, yeye ndiye aliyekuja. Pumzika sasa, kwa amani.